Bibi wa Karanga Ndani ya Retroviza

Ukitaka kucheka, cheka. Lakini usiniite muongo mbele ya mke wangu, kwa sababu mara ya pili yeye alikuwa ndani ya gari, na bega lake ndilo lililosukumwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kindu, nikiwa mzima na nimeshiba.

Mimi ni shofere. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alisema kichwa changu ni kizito, na sikumbishia. Wakati wa vita niliendesha kamioneti ya milango minne ya mfanyabiashara mmoja, kati ya hapa na Kalima. Treni ilikuwa haiji, chumvi ilikuwa kitu cha kuficha chini ya kitanda, na shofere mwenye gari linalotembea alisalimiwa kama bwana harusi. Siku hizi nikipita hata mbuzi hawaondoki njiani.

Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, kile tunachoita retroviza, siku zile kilikuwa kitu rahisi. Ni kipande cha kioo, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na mgongoni kimepakwa rangi ya fedha. Chini yake kuna kijiti. Ukikivuta, kioo kinainama, ile fedha inatazama dari, na wewe unabaki na picha hafifu inayotoka kwenye uso wa kioo peke yake. Basi mataa ya gari la nyuma hayakuchomi macho. Nilijuaje? Nilikivunja kimoja nikakitazama vizuri. Mwenye gari alinitukana mimi na ukoo wangu wote, lakini hayo tuyaache.

Jioni moja, jua halijazama, nilikuwa ninarudi kutoka Kalima peke yangu. Peke yangu, umesikia? Nikatupa jicho kwenye retroviza. Kiti cha nyuma amekaa bibi mmoja, kitambaa cha kijani kichwani, anamenya karanga. Nikageuka: kiti kitupu. Nikatazama kioo: bibi yuko, anatafuna. Nikageuka tena, na gari likaingia kwenye majani.

"Weye njo shofere ao kichwa cha kuku?" akaniuliza. "Angalia mbele. Mimi niko huku, sikimbii."

Ungefanya nini? Mimi nilivuta kile kijiti. Niliwaza kwamba nikiigeuza fedha, naye ataondoka na fedha. Kweli akafifia, akawa kama muntu aliyezama ndani ya chai. Lakini karanga zikaendelea kulia: ka, ka, ka.

"Umenizimia taa tu," akasema. "Hujanishusha."

Nikamuuliza jina lake, kwa heshima, maana muntu mwenye jina anapunguza kutisha kidogo. Akasema anaitwa Salima, na kwamba barabara hii aliitembea kwa miguu maisha yake yote, sasa naye anataka kukaa. Tukakaribia kona.

"Simama."

Nikasimama. Nikashuka, nikaikata ile kona kwa miguu. Daraja lilikuwapo, lakini mbao zake zimeng'olewa zote, na maji yanapita chini kimya kimya kana kwamba hayajui kitu. Niliporudi kumshukuru, kioo kilikuwa na kiti tu. Na juu ya kiti, niamini, kulikuwa na maganda ya karanga. Mimi karanga silagi. Zinanijaza tumbo.

Niliwaambia watu. Walisema ni njaa. Wakati wa vita kila kitu kilikuwa njaa.

Sasa njoo siku zetu hizi. Mkwe wangu Ramazani, mume wa binti yangu Zaina, alinunua gari lililokwisha kutumika Japani. Siku ya kwanza alinikalisha ndani, akaanza kunionyesha retroviza kama muntu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Baba mukwe, hii haina kijiti. Inafikiri yenyewe."

Akanieleza. Kuna macho mawili madogo kama mbegu za papai: moja mgongoni mwa kioo linatazama mbele, moja usoni linatazama nyuma. La mbele likiona giza na la nyuma likiona mwanga, kioo kinajua ni usiku na kuna muntu anakuchoma na mataa. Kinapitisha umeme kidogo kwenye dawa nzito kama uji iliyo kati ya vioo viwili, dawa inaingia weusi, na macho yako yanapumzika. Ukitia gia ya nyuma, weusi unaondoka wenyewe ili uone, na pembeni ya kioo inawaka picha ndogo ya kamera iliyofungwa matakoni mwa gari. Nilipiga makofi. Nani asingepiga?

Tatizo ni mke wangu. Zaina alikuwa mja mzito, na kwetu mja mzito hasafiri bila kinga. Basi mke wangu akatundika kwenye shingo ya retroviza hirizi ya ngozi, kubwa kama kiatu cha mtoto, na tasbihi juu yake. Tangu siku hiyo kioo kikawa cheusi mchana kweupe. Mimi nikasema cha Japani nacho kinaumwa.

Ramazani akasafiri kwenda Punia. Uchungu nao ukachagua wakati huo huo kumshika Zaina. Tulikuwa Alunguli, hospitali iko ng'ambo ya mto, na kivuko cha mwisho kilikuwa karibu kuondoka. Mama na binti wakakaa nyuma, mimi nikashika usukani. Zaina alikuwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Tungekikosa kile kivuko, angezalia mchangani.

Njiani mke wangu akaanza kulalamika: "Papa Zaina, mbona tumebanana hivi? Bega langu linasukumwa. Si tuko wawili tu huku?"

Niliogopa kutazama kioo.

Kwetu gari hupanda kivuko kinyumenyume, ili ng'ambo litoke likitazama mbele. Nikaligeuza, nikatia gia ya nyuma. Kioo kikaacha weusi wake, kama Ramazani alivyosema. Lakini sasa mgongo wa gari unatazama magharibi, na jua limekaa juu ya mto! Picha ya kamera ikawa nyeupe tupu. Kioo kikawa moto. Nikafumba jicho moja, nikaanza kuteremka kwa kusikiliza watu: "Njoo! Njoo! Bado!"

Ndipo kitambaa cha kijani kikanyanyuka katikati ya mke wangu na Zaina. Kichwa kile kikaliziba jua lote. Kichwa kizima, nakuambia, chenye kivuli. Na kandokando yake nikaona: kamba ya kivuko imelegea, na kati ya ubao wa kupandia na ukingo kuna maji, upana wa kulimeza gari.

"Simama, kichwa cha kuku!"

Safari hii sikugeuka. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukauma. Wale waliokuwa wakiita "njoo" sasa wakaanza kupiga kelele, wakavuta kamba, ubao ukagusa ukingo, tukapanda. Salima wetu alizaliwa kabla ya isha. Ndiyo, Salima. Ungemwitaje?

Ramazani aliporudi akaitoa hirizi, kioo kikapona hapo hapo. "Baba mukwe, mulifunika jicho la mbele. Kioo kilifikiri ni usiku siku zote." Nikamwambia vizuri, mkwe wangu, weusi umenieleza. Sasa nieleze bibi. Akacheka. Akafungua mlango wa nyuma afagie, akaacha kucheka. Aliokota maganda kiganja kizima.

Tangu hapo mke wangu, ambaye alitaka kwanza tumwite shehe, huweka karanga za kukaanga kwenye kiti cha nyuma kila safari ndefu. Mjukuu wangu Salima anazila nusu, na hakuna anayemkemea.

Nawe unayeendesha, usitundike kitu kwenye retroviza yako. Hirizi ivae shingoni. Na ukisikia sauti ndani ya kioo inakuambia simama, simama kwanza. Kugeuka utageuka baadaye.