Bwawa la Jamila na Posa ya Aisha

Mimi sijifanyi mtu wa haki katika habari hii. Nampenda Jamila na simpendi Swedi, na anayetaka kuisikia kwa mtu asiye na upande amtafute huyo mtu. Naitwa Joanita, nafundisha shule ya msingi hapa Rumonge, kando ya ziwa, na huu ni mwaka wa tano nimepanga chumba cha uani kwa Jamila. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Moja nililifanya mwenyewe, nalo nitalisema likifika.

Jamila ni mjane wa Abdoulkarim, mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, aliyekufa kwa homa. Alikaa eda miezi minne na siku kumi bila kutia mguu barabarani. Siku ileile alipotoka, Swedi, kaka mkubwa wa marehemu, aliingia uani na wavuvi wake wakaanza kubeba nyavu zilizoanikwa, taa na makasia. Mitumbwi iliyokuwa ufukweni walikuwa wameshaihamisha. Alidai vyote vilikuwa mali ya baba yao, na kwamba marehemu aliazimwa tu. Jamila aliuliza kwa upole kama hata wavu mmoja hautabaki. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, na Swedi aliwageukia wao kabla ya kumjibu.

"Shemeji, ziwa si jikoni," alisema. "Wewe baki na sufuria yako."

Watu wakacheka. Jamila anasema nyavu hazikumuuma sana, maana mikono yake ingeweza kushona nyingine. Kilichomkaa rohoni ni kile kicheko. Jioni ile aliniambia maneno ambayo baadaye niliyasikia mara nyingi mno: "Mwalimu, huyu mutu atakuja hapa hapa kuniomba samaki. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti."

Sasa nieleze kwa nini hilo halikuwa wazimu. Katika familia za wavuvi wa mtaa wetu, wageni wa posa hawawekewi kitoweo chochote tu. Kila mzee anapewa samaki wake mzima, aliyevuliwa siku ileile, kichwa kikimwelekea yeye. Baba wa binti akishindwa hilo, watu wanasema ziwa limemkataa. Swedi alikuwa na binti mkubwa, Aisha, ambaye umri wa kuolewa ulikuwa unakaribia. Na siku hizi ziwa linafungwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaane. Hakuna mtumbwi unaotoka. Jamila alizijumlisha habari hizo mbili, akaanza kuomba dua kwamba posa ya Aisha iangukie ndani ya miezi hiyo. Aliomba kila swala. Mimi ni Mkristo, lakini nadhani hata kwa Waislamu dua ya namna ile ni nadra.

Alichimba bwawa mwenyewe kwa jembe, pale pale nyavu zilipokuwa zikianikwa. Hatua nane kwa tano, maji ya kiunoni. Vifaranga wa tilapia alipewa na mzee mmoja wa Gatete mwenye mabwawa matatu, akawaleta ndani ya bidoni, dumu la maji, juu ya baiskeli ya kukodi, akisimama kila baada ya muda kulitikisa ili wapate hewa. Kwa mzee huyo alirudi pia na kanuni chache, na alizishika kuliko mimi ninavyozishika amri za Kanisa. Chakula mara mbili kwa siku, jua likishapanda na tena alasiri, kopo moja tu la pumba za mchele zilizochanganywa na mashudu ya mawese. Kinachobaki juu ya maji kinachotwa, kwa sababu chakula kikioza kinamaliza hewa ya samaki. Mbolea ya kuku, inayoyapa maji ukijani ambao samaki wanaula, inakaa ndani ya mfuko uliofungwa pembeni, haimwagwi. Kila asubuhi alizamisha mkono polepole. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yamefika kwenye kiwiko, ukijani ni wa kutosha na samaki wako salama. Kikipotea mapema, maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, siku hiyo hakuna chakula na robine ya bomba inafunguliwa maji mapya yaingie. Na jambo la kukimbilia kuliko yote: samaki wakijaa juu alfajiri, vinywa wazi, ujue wanakosa pumzi. Mwaka wa kwanza alipoteza thelathini kwa kulichelewa jambo hilo, akakaa siku mbili bila kula. Hakuchelewa tena.

Miaka mitatu alilea samaki wale. Alitandaza wavu wa kuku juu ya bwawa kumzuia mdiria, ndege mla samaki, akawatoa vyura mmoja mmoja kwa mkono. Samaki mmoja mama, mwenye mkia uliochanika, alizoea kuja kunusa vidole vyake. Nilimwambia kwamba bwawa limemtuliza. Alinitazama kwa huruma, jinsi ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali la jana.

Mwaka huu dua ikajibiwa. Ziwa likiwa limefungwa, watu wa Nyanza-Lac wakatuma habari kwamba watakuja Jumapili ya mwisho ya Juni kumposa Aisha. Walikuwa na haraka kwa sababu kijana wao alikuwa anasafiri. Swedi alihangaika wiki nzima. Ndagala wakavu walikuwepo, samaki aina ya mukeke wa kubanikwa walikuwepo, lakini samaki mbichi wa siku ileile hakuwepo popote isipokuwa uani kwetu, maana hata mzee wa Gatete alikuwa amebakiwa na vifaranga tu. Jumapili iliyotangulia ile ya wageni, tukamwona anasukuma lango, kofia mkononi.

Jamila alikuwa anakoka moto. Aliacha kila kitu, akaingia ndani, akatoka na kiti, akakaa. Nilitamani kupiga makofi.

Swedi aliomba vizuri, hilo silikatai. Alitaka samaki arobaini. Jamila alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia, kisha akampa sharti lake. Hakutaka chochote kingine: kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, Swedi mwenyewe, asimtume mtu, aje asubuhi na alasiri kuwalisha samaki, kuchota taka na kubeba pumba kichwani kutoka kinuni mpaka uani, njia ya sokoni, mchana kweupe. Akimaliza, Jumapili alfajiri atavua arobaini wake. Alimwonyesha kopo. Kopo moja asubuhi, kopo moja alasiri, basi. Swedi alikubali huku akitazama chini. Jamila hakumweleza kwa nini kopo moja, wala mambo ya mkono na kiwiko, na yeye hakuuliza. Mwanaume aliyevua miaka thelathini amuulize mwanamke habari za samaki?

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Nahodha mzima anapita sokoni na gunia kichwani, pumba zikimmwagikia kwenye nyusi, wauza mawese wakimsalimia kwa sauti ya juu kuliko lazima. Jamila alikunywa chai yake kwenye kiti akimwangalia anavyoinama. Alinenepa wiki ile, naapa.

Jumatano asubuhi, baada ya siku mbili za kuchota taka nusunusu, nikasikia Swedi anamwita kwa furaha: "Shemeji, samaki iko napanda. Angalia, zote ziko juu."

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu wa ziwa. Kule kwenye maji makubwa wavuvi wanawasha taa na kusubiri samaki wapande. Samaki wakiwa juu ni baraka, ni wavu mzito, ni kurudi nyumbani ukiimba. Swedi hajawahi katika maisha yake kuona samaki wamejaa juu akahuzunika. Akaona vinywa wazi, akadhani ni njaa. Akaongeza kopo la pili. Alasiri akaongeza la tatu, ili wageni wapewe samaki walionona. Alhamisi Jamila alizamisha mkono, na niliona kiganja kinapotea maji hayajapita kifundo. Aliufuta mkono kwenye kanga, akarudi kwenye kiti. Nilidhani amempa Swedi onyo wakati mimi niko shuleni. Hakumpa.

Ijumaa Swedi alimwaga nusu gunia la mashudu.

Jumamosi kulikuwa na ukungu mzito wa kiangazi na upepo haukuwepo kabisa. Nilitoka na mswaki mdomoni, nikasikia sauti kama ya watu wengi wanaobusu hewa. Maji yalikuwa ya kijani kizito na bwawa zima lilikuwa midomo. Swedi alikuwa ukingoni, anacheka peke yake, anawatupia pumba. Alisema atakwenda kuwaita wazee wa mtaa waje waone jinsi ndugu yake alivyoacha mwanamke hodari. Kweli alisema hivyo, na alisema kwa moyo. Akaondoka.

Robine iko hatua sita kutoka bwawani. Siku ile maji ya bomba yalikuwepo. Baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba hayakuwepo. Nilitupa mswaki nikaenda kuifungua.

"Mwalimu, kaa chini," Jamila alisema.

Nikamwambia samaki wanakufa. Akasema anajua, amejua tangu Alhamisi, na kesho wazee wa Nyanza-Lac watakaa mbele ya sinia tupu, na Swedi atakuwa amejifanyia mwenyewe kwa mikono yake. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri chungu kichemke. Nilitakiwa kuifungua ile robine. Nikafikiria gunia la pumba kichwani kwake, nikafikiria kicheko cha mlangoni, na uchu ukanishika na mimi. Nikaketi. Hilo ndilo nililosema nitalisema. Tulikunywa chai wawili, saa moja na zaidi, mpaka ile sauti ya midomo ikapungua, kisha ikaacha.

Swedi aliporudi na wazee, tilapia mia na kitu walikuwa wameelea, matumbo juu. Hakuna aliyependekeza kuwapika. Samaki aliyekufa mwenyewe hawekewi mgeni, na mvuvi ndiye wa kwanza kulijua hilo. Wazee walitikisa vichwa wakatoka mmoja mmoja. Swedi akachuchumaa ukingoni, akamgeuza samaki mmoja kwa kidole.

"Shemeji, nilikosea wapi?" aliuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

Jamila akamweleza yote, taratibu, kama anavyotakiwa kufundisha mwalimu mzuri. Akamweleza pumzi, kiwiko, chakula kinachooza. Akamalizia kwamba alimwona kila siku akiongeza.

"Uliniona? Na ukanyamaza?"

"Uliniuliza?"

Swedi alivaa kofia yake akaenda zake bila kuaga. Jamila alibaki amesimama, na kwa muda mfupi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Rumonge. Kisha tukaanza kuwatoa samaki kwa ndoo na kuwazika chini ya migomba. Kwenye ndoo ya tatu alikuwemo yule mama wa mkia uliochanika. Jamila aliketi kwenye udongo, akamweka mapajani, akalia kwa sauti ambayo hata kwenye msiba wa mumewe sikuisikia. Niliendelea kubeba ndoo, na mimi mikono yangu ilikuwa inanuka.

Jumapili, kama mke wa marehemu baba mdogo wa binti, Jamila alilazimika kwenda kupika. Sikumwacha aende peke yake. Swedi alikuwa amepata mbuzi wawili kutoka Kizuka, na sisi wanawake tukapewa matumbo yao tuyaoshe. Jamila aliosha huku sikio liko kwenye pazia, akingoja ule ukimya wa aibu masinia yatakapoingia. Masinia yakaingia. Msemaji wa wageni, Hadji Nuhu, mzee mwenye sauti ya kujaza msikiti, akamshukuru Mungu. Alisema nyumba zote walizokwenda kuposa wamelishwa samaki mpaka wakawachoka, na kwamba hatimaye wamempata mkwe anayejua heshima. Wakala mifupa ikabaki myeupe. Kisha Swedi, shibe ikiwa imempa ujasiri, akawasimulia habari ya bwawa: alivyowalisha samaki mpaka wakafa kwa kushiba. Chumba kizima kikaangua kicheko. Hadji Nuhu alicheka mpaka akaomba maji. Posa ikakubaliwa kabla ya alasiri, na Aisha alipita jikoni kumkumbatia Jamila, uso unang'aa, akamshukuru kwa jasho alilolimwagia posa yake wiki nzima. Murakoze, mama mudogo, alimwambia. Jamila alimpa shavu, mikono ikiwa bado ndani ya beseni la matumbo.

Kwa wiki mbili bwawa lilikaa linanuka na majirani walilalamika. Swedi sasa alikuwa anapita mbele ya lango letu kila siku, anasalimia amahoro kwa uchangamfu wa mtu ambaye hadaiwi kitu. Nilitegemea Jamila aseme amejuta. Mimi nilijuta, na bado najuta kila nikiona ile robine.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta amelikausha bwawa. Alikuwa ndani yake, tope magotini, anakwangua matope meusi na kutandaza majivu. Akaliacha jua lilipasue, akajaza maji mapya, akangoja yawe ya kijani. Juzi akaenda Gatete na bidoni. Nilimshikia baiskeli wakati anawamwaga vifaranga, wadogo kama kucha. Nikamuuliza, kwa matumaini yangu yote ya kikristo, kama safari hii anawafuga wa kula na kuuza tu, kwa amani.

Alipanga wavu wa kuku juu ya maji, akavuta kona zote nne mpaka zikakaza.

"Aisha iko na mudogo wake," alisema. "Yuko darasa la sita. Safari hii nitamfundisha Swedi kila kitu, afuge, awapende kama nilivyowapenda mimi. Halafu tutaona."