Ubao Uliovishwa Pazia

Ukifika mwezi wa Shaabani, Dubai nzima hukumbuka kuwa ina madirisha. Mwaka mzima watu wameishi na mapazia yao bila ugomvi, lakini Ramadhani ikisogea, na Idi nyuma yake, kila madam wa mtaa wa Al Warqa huamka asubuhi, akatazama pazia la sebuleni na kuliona limezeeka kuliko yeye. Mimi wa Mombasa homa hiyo naijua. Mamangu angekubali Idi ipite bila nyama, lakini si bila pazia jipya. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye karakana ya mapazia pale Al Barsha, nyuma ya lile duka kubwa ambalo ukiingia kijana unatoka na mvi, nilijiona nimefika nyumbani.

Tulikuwa wanne. Fundi mkuu, aliyekata na kushona, alikuwa mzee wa asili ya Unguja, ambaye familia yake iko Dubai tangu zamani sana; kwa maneno yake mwenyewe, aliikuta minara yote hii ingali mchanga wa kuchezea watoto. Mshonaji wa pili alikuwa mama wa Kilifi, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mfungaji alikuwa jamaa wa Likoni, mwenye gari, ngazi na drili. Nami nilipokea oda, nikaenda kupima madirisha, kisha nikapanga nani ashone nini na lini.

Nasema nilipanga, lakini tusidanganyane. Mpangilio wote ulikuwa ndani ya simu yangu, kwenye jumbe za sauti ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Idi ya mwaka uliotangulia ndiyo ilituumbua. Nyumba moja ilipelekewa mapazia mara mbili, nyingine haikupelekewa kabisa, na kuna bwana alifungiwa kwenye majlisi yake ya kupokelea wageni pazia lenye tembo wa waridi, la chumba cha mtoto wa mtu mwingine. Wageni wake, naambiwa, waliwasifia sana wale tembo. Yeye hakuwasifia.

Arbab wetu, yaani tajiri mwenye karakana, si mtu wa kupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Shaabani ilipoingia alituita, akazungusha tasbihi yake, akasema taratibu, "Idi hii, nyumba moja tu ikibaki dirisha wazi, khalas. Karakana nafunga. Kazi ya kushona naipeleka kiwandani, na nyinyi kila mtu atafute kafeel mwingine wa kumdhamini."

Tulitoka pale kila mtu akihesabu miezi iliyobaki kwenye viza yake.

Sasa, wakati huo mimi nilikuwa nimetoka kumaliza diploma yangu ya masomo ya jioni. Baada ya kazi nilikuwa napanda metro, nafika darasani na nyuzi kwenye nywele, nakaa kiti cha nyuma nikisinzia kwa heshima. Lakini siku ya somo la Kanban nilikuwa macho, sijui kwa nini. Labda kiyoyozi kilikuwa kikali. Mwalimu alisema jambo hili limetoka Japani, kwenye viwanda vya magari: kazi yote unaitoa kichwani unaiweka ukutani. Kila kazi ina kikaratasi chake, na kikaratasi kinahama safu moja hadi nyingine mpaka kazi iishe. Na hakuna kushika mengi kwa wakati mmoja. Maliza ulilonalo ndipo uchukue jingine. Nilitoka darasani siku hiyo natembea kama mtu aliyepewa ufunguo wa benki.

Basi nikanunua ubao mweupe mkubwa. Nilipoushusha kwenye teksi, dereva aliniuliza kama nafungua shule. Nikautundika ukutani, mkabala na mlango, mahali ambapo hata kipofu angeuona, nikachora safu tano: Kupima, Kukata, Kushona, Kufunga, Tayari. Kila mtu nikampa rangi yake ya vikaratasi vya kunata. Mzee buluu, mama wa Kilifi njano, mfungaji kijani, mimi waridi. Kanuni moja: kwenye safu ya Kushona, hakuna fundi kuwa na nyumba zaidi ya mbili.

"Sistee, hii ni form gani tena?" mfungaji akauliza. "Tumerudi nursery?"

"Tumerudi, na wewe ndiye utakayekariri," nikamjibu.

Mzee aliusogelea ubao, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu, yaani kila nnachokishona kitaonekana hapa?"

"Kila kitu, mzee! Hata arbab akiingia, anasoma kama gazeti."

Akaitikia kwa kichwa. Mimi nilidhani amefurahi.

Na kweli siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Mzee yule akiingia kwenye cherehani, umeme wa emirati nzima unapungua. Kabla ya adhuhuri karatasi za buluu zilikuwa zinaruka kwenda safu ya Kufunga moja baada ya nyingine. Mama wa Kilifi akainua kichwa, akatazama ukuta, akatazama karatasi zake mbili za njano zimekaa pale pale, akapiga ukelele uliofika Sharjah:

"Heee! Jamani! Mzee mmoja kashona mtaa mzima! Sisi wengine ni vitukuu tumekuja kutazama?"

Tukacheka sote. Mlangoni walikuwa wamesimama madam wawili waliokuja kuchagua vitambaa. Nao wakatazama ubao, wakamtazama mzee, wakanong'onezana. Mzee hakucheka. Alasiri ya siku hiyo sindano ikamwingia kidoleni mpaka ukucha, na kabla hajamaliza kukifunga kidole kitambaa, mkanda wa cherehani ukakatika.

Kuanzia kesho yake karatasi za buluu zilisimama.

Zilisimama kama wanajeshi. Mbili kwenye Kushona, asubuhi ziko pale, jioni ziko pale. Mzee anakuja, anashona, cherehani inanguruma kutwa, lakini ukutani hakuna kinachosogea. Nikimuuliza, "Mzee, ile ya Al Warqa imefika wapi?" ananijibu, "Inshallah, mwanangu." Nikimuuliza kesho, inshallah. Sasa kwa kanuni yangu mwenyewe sikuweza kumpa karatasi nyingine. Ramadhani ikaingia, oda zikajaa safu ya Kukata mpaka vikaratasi vikawa vinabandikwa juu ya vingine, na mfungaji akawa hana cha kufunga ila vichache vya mama wa Kilifi.

"Sistee, mimi sasa ni watchman wa gari," akaniambia siku moja, amelala kiti cha mbele, miguu nje ya dirisha. "Hiyo Japani yako imekwama."

Katikati ya Ramadhani arbab akapita. Akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma. Mimi pembeni yake natabasamu kama muuza mswaki.

"Hii picha naijua," akasema. "Ni ile ya mwaka jana. Sasa ina rangi." Akaigusa karatasi ya buluu kwa ncha ya ufunguo wa gari. "Nimeshazungumza na watu wa kiwandani. Wananisubiri."

Akaenda zake. Saumu yangu ya siku hiyo nadhani iliandikwa mara mbili, maana sikumeza hata mate. Nikaanza kuwaza nitamwambia nini mama. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi chumba kimoja Jumeirah Village Circle, JVC kwa kifupi, dirisha langu nimelifunika kwa shuka. Mpima madirisha wa Dubai nzima, anaamshwa na jua kila alfajiri kama jogoo. Nikajiona nalikunja lile shuka natia sandukuni.

Siku mbili tatu baadaye, mzee alipokwenda msikitini kuswali alasiri, futi yangu ya kupimia ikaniponyoka, ikabingirika chini ya meza yake ya kushonea. Nikapiga magoti, nikafunua kitambaa kilichoning'inia mbele ya meza. Nikakutana na magunia.

Nilidhani ni vipande vya kutupa. Nikavuta moja. Mapazia! Yameshonwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa kama shahada za chuo, kila fungu limebanwa pini na kikaratasi chenye jina la mtaa na namba ya villa. Nikavuta la pili, la tatu. Kule ndani kulikuwa na Al Warqa nzima na nusu ya Mirdif. Alikuwa akichukua vitambaa vilivyokwisha kukatwa kimya kimya, bila karatasi, akashona, akaficha. Nilikaa sakafuni nimezungukwa na marinda, sijui nicheke au nilie.

Mzee akarudi, akanikuta hapo. Akavuta kigoda akaketi.

"Mzee wangu," nikasema, "arbab anataka kufunga karakana kwa sababu hakuna kilichoshonwa. Na vimeshonwa!"

"Ningevitoa vyote pamoja siku za mwisho. Kimya kimya. Watu washtukie tu vimefungwa."

"Kwa nini lakini?"

Akatazama mlango kwanza. Mama wa Kilifi alikuwa bado anaswali chumba cha nyuma. Akanionyesha kidole chake, kovu la sindano bado jekundu. "Mwanangu, mimi nimeshona miaka na miaka, hajajua mtu leo nimeshona ngapi. Wewe ukaja ukanitundika ukutani, mkabala na mlango, kwa rangi yangu. Kila apitaye asema, 'Heee, mzee mmoja!' Hata mashallah hapana."

Nikaanza kuyakunja upya niliyoyavuruga. Nilikuwa nimesikia hayo utoto mzima: mamangu hahesabu wanawe mbele ya wageni, na kuku akitaga sana hatuambii jirani. Diploma yangu ikanisahaulisha.

"Si ungeniambia tu?"

"Nikwambie nini? Kwamba mwenzangu kanitia jicho? Mama wa watu, anacheka tu, hana ubaya. Neno hilo ukishalitoa halirudi. Ningemvunjia heshima bure."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mzima alikuwa tayari karakana ifungwe, lakini si mwenzake afikiriwe ana kijicho. Nikainuka, nikachukua kitambaa cha kufutia, nikaenda kwenye ubao niufute wote, Japani na kila kitu chake.

"Wacha!" akasema mzee. "Ubao hauna kosa. Tumeuacha wazi tu. Na sisi kazi yetu hapa ni nini?"

Akafungua kabati la masalio, akatoa kipande cha mahameli ya kijani kilichobaki kwenye majlisi ya mtu. Akakitia cherehani. Sijawahi kuona pazia likishonwa kwa mapenzi kama lile: marinda sawasawa, bitana, pindo la mkono. Mfungaji akaamshwa kwenye gari, akafunga reli juu ya ubao. Mimi nikabandua rangi zote. Karatasi zikawa nyeupe tupu, zina mtaa na namba ya villa, basi. Nani kashona? Karakana imeshona.

Mama wa Kilifi, ambaye baada ya kuswali alikwenda kununua vya kufuturu, akarudi akasimama mlangoni. "Na hilo pazia la nini?"

"Vumbi," nikasema.

"Vumbi? Humu ndani?" Akanitazama. Akamtazama mzee, aliyejishughulisha ghafla na kuchambua pini. Akatazama magunia. Akaenda kuketi kwenye cherehani yake. Lakini tangu siku hiyo, akifunua pazia lile kuhamisha karatasi, hata yake mwenyewe, husikii ila "Mashallah, mashallah," mpaka mfungaji akasema karakana imekuwa madrasa.

Kisha mambo yakaenda. Yalikwenda jamani! Gari lilitoka asubuhi limejaa likarudi tupu, likajazwa tena. Kwa mara ya kwanza nikaona kile alichosema mwalimu: pakijaa safu moja, unajua nani wa kusaidiwa. Kukata kulipolemewa, mama wa Kilifi akaacha cherehani akashika mkasi. Simu yangu ikaacha kulia. Nilidhani imeharibika, nikaipeleka kwa fundi wa simu.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, mchana, arbab akaja. "Liko wapi lile gazeti lenu?"

Mfungaji akavuta kamba, pazia likafunguka taratibu. Kupima, tupu. Kukata, tupu. Kufunga, tupu. Tayari, imejaa mpaka karatasi zinapumuliana. Na kwenye safu ya Kushona, karatasi moja.

Moja. Mimi sikuibandika. Damu ikashuka yote miguuni, viatu vikanibana.

Arbab akainama, akasoma. "JVC. Dirisha moja." Akageuka. "Nilisema nini mimi kuhusu nyumba moja?"

Nami nikainama kusoma. JVC hatukuwa na mteja hata mmoja mwaka ule.

"Hiyo si ya mteja, arbab," mzee akasema kutoka kwenye cherehani, bila kusimamisha mguu. "Ni ya huyu bibie apimaye madirisha ya watu. Yeye alala na shuka dirishani. Nammalizia pindo."

Arbab akanitazama. "Shuka?"

"Shuka, sir," nikasema.

Akacheka. Sikujua kama yule mtu ana meno. Akarudi kwenye ubao, akautazama wote juu mpaka chini, akasema, "Mashallah," kisha akavuta kamba mwenyewe, pazia likajifunga. "Yalla, mmalizieni. Baada ya Idi tuonane hapa hapa." Mlangoni akageuka tena. "Hapa hapa," akarudia, "si kiwandani."

Mama wa Kilifi alipiga vigelegele, halafu akajiziba mdomo kwa mkono, akamtazama mzee. Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Piga, mwanangu, piga! Vigelegele havina neno."

Jioni ile mfungaji alinifungia pazia langu kabla ya kufuturu: mahameli ya kijani, ndugu yake lile la ubao. Nikalivuta, nikalala kama mtu aliyelipwa mshahara wa usingizi. Chumba kikawa na giza zito hivi kwamba nusura nikose swala ya Idi.