Mama Aliufunza Mkono wa Chuma Kazi Yake

Naomba jina langu lifichwe, maana Kakuyuni tunajuana mpaka majina ya mbuzi. Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, nafundisha mitambo chuo cha ufundi huku Malindi. Msinitukane, nishajitukana vya kutosha.

Mamangu amebangua korosho tangu mimi niko tumboni. Mafuta ya maganda yamemla vidole, hata chumvi ya mboga humuuma. Basi mimi na ujuaji wangu nikasema nitamuundia msaidizi: mkono wa roboti wa bei nafuu, wa vipande vipande, unaufungua na kuufunga kwa bisibisi tu, ufanye kazi kando ya mtu bila kumdhuru. Wanafunzi wangu nao wajifunzie huo huo. Ramani nikawagawia wote, kila mmoja aweze kujiundia wake. Niliona fahari, haki ya Mungu.

Mkono ule haufunzwi kwa maneno. Unaushika, unauongoza, nao unakumbuka. Nani wa kuushika ila mama? Yeye ndiye hubangua bila kuvunja kiini. Wenzake saba pale kibandani kwa tajiri wa korosho humpelekea zile korosho sugu. Siku tatu aliuongoza, akiuambia, "Polepole, mwanangu, usiipige kwa hasira." Wenzake walicheka hadi kutokwa machozi.

Mwezi haukuisha, yule tajiri akaona mkono unabangua wenyewe, akawaambia wale saba wasirudi. Akambakiza mama peke yake, auchunge mkono.

Juzi kulikuwa na matanga kwa jirani. Mama akaenda kupika na wenzake kama kawaida. Mmoja wa wale saba akamtoa mwiko mkononi, kwa adabu kabisa: "Wewe keti, mwenzetu. Ule mkono wa mwanao utatupikia." Hakuna aliyecheka. Mama hakungoja chakula, akarudi nyumbani.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Aliniuliza tu, "Mwanangu, waweza kuusahaulisha nilichoufunza?"

Nikasema naweza. Ole wangu! Kuufuta ule mmoja ni kazi ya dakika. Lakini tajiri amewachukua vijana wangu wawili, niliowafundisha mwenyewe, na wameshamuundia wa pili na wa tatu, na kunakili humo kila alichofunza mama. Nilimwendea nikamsihi. Akanijibu, "Mwalimu, maji yakimwagika hayazoleki."

Hayo sikumwambia mama. Leo tangu asubuhi amejifunga leso, anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake, mwanangu ataufuta, mtarudi kazini. Amenipigia simu sasa hivi akiwa nyumba ya nne. Sauti ina furaha, anasema wamemkaribisha chai.

Zimebaki tatu. Nishaurini jamani, nimwambie sasa, au nimwache kwanza amalize hiyo chai?