Nilimkaribisha Nyumbani

Saa saba na robo mchana, jua likiwa utosini, ndipo yalipoanza. Nataja saa makusudi, maana wengi mtasema nilikuwa ndotoni. Sikuwa. Mimi ni fundi wa karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na sina mazoea ya kusimulia nisichokiona.

Doto, pacha wangu, alifukiwa na shimo la wachimbaji huko Geita. Tulifukua mpaka vijana wakakataa kushuka tena. Mwili haukupatikana, na mama, kule Maganzo, akakataa matanga. "Nitamliaje mtu asiye na kaburi?" Mwishowe alikubali jambo moja: nimpeleke kwenye kaburi la kiongozi mmoja wa taifa, lile watu wanalokwenda kulizuru, akalie pale, penye mtu ndani. Tukirudi, ukoo ukae matanga.

Tulipanga foleni na wageni wengine. Mwongozaji akasema, "Kofia tuvue, wazee wangu. Na simu zizimwe, hata kama anayepiga ni mkwe." Watu wakacheka. Mbele yetu alisimama mtu mwenye helmeti, tochi yake inawaka mchana kweupe. Hakuambiwa avue. Buti zake zilijaa tope, lakini marumaru alipopita ilikuwa safi. Wewe ungewaza nini? Mimi sikuwaza chochote.

Akageuka. Tochi ikanipiga machoni, sikuona sura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Mama akamshika mkono. "Mbona wa baridi hivi?"

"Kule chini kuna maji, mama."

Kwetu Usukumani mtu akisalimiana na mzazi wako, humwachi hivi hivi. Nikasema, "Karibu nyumbani, ndugu yangu."

"Asante, kaka. Nitakuja."

Mwongozaji akanigusa bega. "Mzee, unamkaribisha nani?" Mbele yetu hapakuwa na mtu. Kiganja cha mama kilikuwa na tope bichi la manjano.

Mama hakulia. Maganzo tuliwakuta ndugu wameshatandika mikeka, akawaambia waikunje. "Doto anakuja. Kaka yake kamkaribisha."

Niamini, nimejaribu kumweleza kwamba Doto amekufa. Huniuliza swali moja tu: hakukujibu? Alinijibu. Kila jioni mama huchemsha maji ya kuoga, mimi nayapeleka bafuni, na asubuhi nayamwaga. Ukoo umetawanyika. Mke wa Doto si mjane wala si mke.

Ukienda kaburini, liwe la mkubwa au la mnyonge, msalimie kila utakayemkuta. Nyumbani usimkaribishe.