Mama Alipotumwa Kutazama Malisho

Nilizaliwa katika nyumba pekee ya Kiyahudi iliyokuwapo kwenye ukingo wa mto Tana, na kwa muda mrefu sikujua kwamba jambo hilo lilihitaji kuelezwa. Baba alitoka Aden akiwa kijana, akaifuata biashara ya ngozi mpaka Kipini, kisha akapanda mto hadi Garsen, ambako wafugaji wa Kiorma walileta ngozi na samli, na Wapokomo wa ukingoni walileta mpunga. Mama alimfuata baada ya ndoa. Siku ya Jumamosi baba hakununua wala hakuuza, hata wenye ngozi wawe wametoka mbali namna gani. Wafugaji wakaizoea na kuiita siku ya mlango uliofungwa. Waliofika siku hiyo walijilaza uani juu ya ngozi zao, wakatutania kupitia ukuta wa makuti kwamba Mungu wetu hapendi biashara, huku wakila chakula ambacho mama alikuwa amewapikia tangu Ijumaa.

Watu wa kusali nao hatukuwa nao. Sheria yetu hutaka wanaume kumi ndipo sala fulani zisomwe, na pale mtoni tulikuwa wawili, baba na mimi. Baba alizisoma zile zinazoruhusiwa kwa mtu mmoja, na alipofika penye sala ya watu kumi alinyamaza kwa kiasi cha muda ambao ingechukua kuisoma, kisha akaendelea. Dini yangu nilijifunza kwa kunyamaza kule sawasawa na nilivyojifunza kwa maneno.

Kiingereza na hesabu nilivipata Golbanti, kwa mwalimu wa misheni, aliyekubaliana na baba kwamba nitatoka nje wakati wa nyimbo za ibada na kurudi zikiisha. Makubaliano hayo aliyatimiza kwa uaminifu ambao namshukuru mpaka leo. Ni yeye aliyemwambia baba kwamba sasa amenifundisha yote aliyokuwa nayo, na kwamba huko Bombay kuna chuo kikubwa chenye walimu hodari, ambacho kingenipokea nikifaulu mtihani wa kuingia. Habari hizo zilipomfikia dada yake mama, aliyeolewa huko Bombay, alituma neno kwa nahodha kwamba kuna chuo kingine, kidogo, karibu na sinagogi. Vijana wa Kiyahudi hulala pale pale, nyama huchinjwa kwa sheria, na asubuhi na jioni watu kumi hupatikana bila kutafutwa.

Basi vikawa vyuo viwili, na nyumba yetu ikagawanyika. Mimi nilikuwa nimejiwekea nia ya kurudi mtoni na kufungua shule ambayo mtoto wa Kipokomo na mtoto wa Kiorma wangekaa mkeka mmoja, na niliamini kwamba kazi ya namna hiyo ilidai elimu iliyo bora kuliko zote. Baba alisema elimu haina kazi ikiwa mwenye kuipata amepotea njiani. Alikuwa ameona vijana wa Aden walioingia katika vyuo vikubwa wakiwa na majina ya baba zao na kutoka wakiwa hawajui hata siku ya kufunga. Aliniambia, bila hasira, kwamba anao mtoto mmoja.

Tuliendelea hivyo msimu mzima wa maji kujaa. Kisha akaja mfugaji mmoja, rafiki wa baba wa miaka mingi, ambaye alikuwa na desturi ya kumwita baba shemeji, ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake, ili apate haki ya kumtania. Akamkuta baba akikagua ngozi na mimi nikiandika, wote wawili tumenuna. Akauliza kuna msiba gani. Baba akamweleza habari ya vyuo viwili kwa urefu.

"Shemeji," akasema yule mfugaji, "ngozi yangu unaigeuza mbele na nyuma, unainusa, unaitafutia tundu la kupe kwa kidole. Na mwanao unataka kumpeleka kwa habari ya nahodha?"

Baba akajibu kwamba Bombay si Kilelengwani hapo chini ya mto, mtu hawezi kwenda kuchungulia na kurudi.

"Sisi hatuhamishi hata ndama mgonjwa kabla mtu hajatangulia kutazama malisho."

Kisha akatueleza, ingawa tuliijua nusu yake, desturi yao ya kumtuma mtazamaji. Ng'ombe hawaondoki kwa uvumi kwamba mahali fulani kuna majani. Hutumwa mtu mmoja, akalala huko, akanywa maji ya huko, akarudi. Akirudi huanza kusema mabaya kabla ya mazuri, na hakatizwi. Wala yeye mwenyewe hasemi twende au tusiende. Akisema hivyo, ushahidi wake umeharibika. Baba, aliyependa jambo lenye utaratibu, aliacha ngozi na kusikiliza. Akauliza ni mtu gani anayechaguliwa.

"Mwenye hasara kubwa kuliko wote malisho yakiwa mabaya."

Wote wawili wakageuka kumtazama mama, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni.

Nilidhani mambo yangu yamekwisha, kwa kuwa nilikuwa na hakika mama angekwenda kwa dada yake, angeonyeshwa jiko safi na watu kumi wa sala, na angerudi na chuo kidogo mkononi. Yeye mwenyewe alipinga kwanza, akasema hajatoka mtoni tangu aolewe na hajui Kiingereza. Baba akamwambia dada yake ana mtoto anayekijua. Mama akaweka ungo chini. Msimu wa kusafiri ulipofika, aliteremka mto kwa mtumbwi mpaka Kipini pamoja na mzigo wa ngozi, akavuka kwenda Lamu, na kutoka huko akapata meli.

Tulikaa bila yeye kwa muda ambao baba na mimi tulijifunza kupika vibaya. Hatukugombana tena juu ya vyuo. Jambo lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kila mmoja wetu alimwonea mwenzake huruma kidogo.

Mama aliporudi alikuwa amekonda, na hakutaka kusema neno mpaka yule mfugaji aitwe. Alisema alitumwa kwa desturi yake, na kwa desturi yake atatoa habari. Mfugaji akaja amevaa shuka safi. Akaketi, akaanza kumhoji mama kama ambavyo angemhoji kijana aliyetoka kutazama nyika, na hakuna aliyecheka.

"Hili la kwanza, lile dogo. Mbung'o wapo?"

"Wapo," akasema mama, akijua anaulizwa mabaya ya mahali.

Akaeleza. Alilala katika chuo kile siku kadhaa, katika chumba cha mke wa mpishi. Nyama ilikuwa safi na watu kumi walipatikana. Lakini aliona vijana wa Kiyahudi wazaliwa wa nchi ile, weusi kama mimi, wakiketi benchi la nyuma wakati wa sala, na watu wakiwahesabu wenzao mpaka kumi wakiwaruka hao kana kwamba ni nguzo. Alipouliza aliambiwa kwamba ukoo wao una shaka. Kisha wakamuuliza habari zangu. Mtoto wako amezaliwa wapi? Mto Tana. Ni nani waliokuwapo siku ya tohara yake? Akawaambia alikuwapo baba, na mwenye kisu aliyeletwa kutoka Lamu, na majirani. Wakamuuliza majirani gani, na alipowaambia, wakatazamana.

Baba aliinamisha kichwa. Mama akaendelea kwa haki, akasema mazuri: walimu wa pale ni wapole, vijana wakiugua huuguzwa na mke wa mpishi mwenyewe kama watoto wake, na maktaba ya dini ni kubwa kuliko nyumba yetu.

"Na lile kubwa?"

Huko mabaya yalikuwa mengi zaidi. Hakuna nyama ambayo ningeweza kula. Hakuna watu kumi wa kusali nao. Na mitihani mikubwa huandikwa Jumamosi, siku ambayo sheria yetu haituruhusu kuandika.

Nilifumba macho. Mama akasema kwamba alipolisikia hilo alimwendea mkuu wa chuo, pamoja na mpwa wake wa kutafsiri, akamuuliza jambo moja tu: mwanangu asiposhika kalamu siku ya Jumamosi mtamfanya nini? Mkuu akasema hajapata kuulizwa hivyo, na hawezi kumjibu kwa kumfurahisha. Arudi kesho. Mama akarudi kesho yake. Mkuu alikuwa amekwisha kuzungumza na wenzake. Akasema siku ya mtihani haitabadilishwa. Lakini kijana atakaa katika chumba pamoja na mwalimu tangu wenzake wanapoanza, hataonana na mtu, na usiku ukiingia, Sabato ikiwa imekwisha, atapewa karatasi ile ile na muda ule ule. Mama akamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya mwalimu mwingine. Akayarudia.

"Maji?" akauliza mfugaji, maana yake ikiwa ni kile ambacho mtu hawezi kukaa bila kuwa nacho.

Mama akasema ningeweza kula nafaka na samaki siku za kazi, na Sabato kwenda kwa dada yake. Siku hiyo haturuhusiwi kupanda chombo chochote, basi alikuwa ameitembea njia hiyo mwenyewe kwa miguu, kutoka mlango wa chuo mpaka mlango wa dada yake, katika jua la Sabato. Miguu iliuma, lakini panafikika. Karibu na dada yake kuna chumba wanamosali mafundi na wachuuzi, wengine wa Aden, wengine wa nchi ile ile, na pale alisimama nyuma ya pazia la wanawake akasikia wakihesabu. Hawakumruka mtu.

Hapo akaishia. Mfugaji akasubiri, kuona kama atasema twende au tusiende. Hakusema.

Baba ndiye aliyeuliza. Hakumtazama mama, alinitazama mimi. "Akienda huko kwenye kile kikubwa, atanirudia akiwa yule yule?"

"Hatarudi yule yule," akasema mama. "Hata mimi sikurudi yule yule, na nilikwenda kutazama tu. Ninachotaka ni arudi akiwa wetu."

Mfugaji akajikohoza, akamwambia baba kwamba kazi ya mtazamaji imekwisha na sasa mwenye ng'ombe aseme. Baba akauliza, kwa sauti ya chini, mwenye ng'ombe ni nani hapa. Mama na mfugaji wakanigeukia, nikajua ni mimi. Nikasema nitakwenda kwenye chuo kikubwa. Baba akatikisa kichwa polepole kukubali, akamwomba rafiki yake asiondoke kabla ya kula. Mama akaniambia niache kulia, nikalete maji ya kunawa.

Nimesoma huko, na mengi niliyoyapata nitayasimulia kwa wanafunzi wangu maadamu nina sauti. Siku moja tu ndiyo ninayotaka kuiandika hapa. Mtihani mkubwa wa kwanza ulipofika, niliketi katika chumba kidogo pamoja na mwalimu mzee wa hesabu, asiye wa dini yangu, ambaye alikuwa ametoa siku yake nzima kwa ajili yangu. Hakuleta kitabu. Nilipomwambia kwamba ni mimi tu niliyekatazwa kitabu mpaka mtihani uishe, alisema si adabu kula mbele ya mtu aliyefunga. Tulizungumza habari za mito. Mchana tuliwasikia wenzangu wakitoka, wakipiga kelele juu ya swali la tatu, na mwalimu akaanza kukohoa kwa nguvu na kwa muda mrefu ili nisisikie ni swali gani. Giza lilipoingia akaniuliza kama sasa ni halali, nikasema ni halali, ndipo akawasha taa na kunipa karatasi.

Mwaka uliofuata tulikuwa wawili katika chumba kile. Mwenzangu alikuwa Myahudi wa nchi ile, wa jamii ya wale walioketi benchi la nyuma katika chuo kidogo, aliyekuwa akiandika mitihani yake siku ya Sabato miaka yote, huku moyo wake ukimchoma, kwa sababu hakujua kwamba jambo kama hilo linaweza kuombwa. Akaninong'oneza kuniuliza ni tajiri gani wa jamaa yetu aliyewashinda wakubwa wa chuo. Nikamwambia ni mama yangu, wa Garsen. Akauliza Garsen ni mji mkubwa kiasi gani, na kwa kuwa mwalimu alikuwa akitusikiliza na saa zilikuwa bado nyingi, nikaanza kuwaeleza wote wawili.