Nilivyojifunza herufi za Kiswidi Doha, kwa bibi aliyepoteza maneno

Wakuu, habari za saa hizi. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo naomba nami mnisikilize. Haya yalinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka kumi na ushee iliyopita nilikuwa Doha, nafanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kiswidi, flat ya Al Sadd. Nitamwita Madam Karin. Hakuwa na mume wala mtoto, ila mama yake tu.

Yule mama, mimi nikimwita Bibi, alikuja kumtembelea mwanawe, akapigwa stroke. Mwili ulirudi. Maneno hayakurudi. Ukimsemesha anaelewa, akitaka kujibu inatoka sauti tu, basi anageukia ukutani.

Mtaalamu akaagiza asomewe alfabeti kila siku, taratibu, naye ajaribu kufuatisha. Madam anatoka asubuhi kurudi jioni. Nani wa kusoma? Mimi, darasa la saba wa Muheza.

Ijumaa moja Madam akanikalisha kunifundisha.

Herufi zao ni ishirini na tisa. Nikaona A, B, nikasema hizi nazijua. Wapi. J yao ukiikuta kwenye neno unasoma Y. O wanaiita U. Halafu mwishoni kuna wageni watatu: Å, ambayo ndiyo O yetu ukiivuta, Ä, ni E ya kuachama, na Ö, hiyo sisi hatuna kabisa. Unasema E huku midomo umeikusanya kama unapuliza chai.

Kila baada ya chakula cha mchana tunakaa jikoni. Nikikosea, Bibi ananishika kidevu na kunikusanya midomo kwa vidole vyake. Tunacheka. (Nadhani ilimsaidia kuona kuna anayehangaika kuliko yeye.)

Wiki ya sita hivi, tulipofika Å, akanishika mkono.

"Å," akasema, safi kabisa. Akachora mstari wa kupindapinda mezani kwa kidole. "Å." Kisha, "Hem." Machozi yanamtoka.

Sikuelewa kitu. Jioni nikamchorea Madam ule mstari. Akavuta kiti akakaa.

"Rehema, å kwetu ni neno zima. Ni mto mdogo. Unapita nyuma ya nyumba yetu. Na hem ni nyumbani."

Alikuwa ameshapanga Bibi abaki Doha moja kwa moja, hata nyumba ya kule inatafutiwa mnunuzi. Akaenda kumuuliza kama anataka kurudi.

"Ja," Bibi akajibu. Yaani ndiyo.

Nyumba haikuuzwa. Madam aliacha kazi, wakaondoka wote wawili, mimi akanitafutia familia nyingine mtaa wa Bin Mahmoud.

Airport Bibi alinikumbatia, akahangaika na mdomo muda mrefu. Watu wanapita na mabegi yao. Nikasubiri.

"Vän," akasema.

Nikamtazama Madam. "Rafiki," akanitafsiria. Sitawadanganya, nililia mpaka nafika nyumbani.

Somo nililobaki nalo: mgonjwa wa namna hii usimmalizie sentensi. Msubiri, hata ikichukua mchana mzima.

Aliyewahi kuuguza mtu wa hivi aje atuambie alifanyaje. Mama yangu mzazi amepatwa na hali hiyo mwezi huu, na aliye naye hapa Muheza ni mimi tu.