Mume wangu alimjibu daktari mwenye maski "ndiyo", sindano zikaanza

Wakuu, poleni na kazi, na nyinyi mnaosoma mkiwa kitandani pia nawasalimu.

Mimi ni nyanya wa watu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea kuandika mnivumilie. Lakini jina la mtu sisahau, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Nimesoma hapa mtu akisema ati wazee hujifanya hawasikii daktari akivaa barakoa. Nikaona wacha niwaeleze ya mume wangu, Baba Nafula.

Ilikuwa miaka ya tisini, karibu iishe. Tulikaa mtaa wa Umoja, upande wa kuelekea mtaa wa Tena. Mume wangu, Barasa, alikuwa amestaafu kiwanda cha kutengeneza matangi. Kazi yake ilikuwa kupiga mabati kwa nyundo, kutoka akiwa kijana mpaka nywele zikawa nyeupe.

Akaanza kukohoa. Mwezi ukaisha, bado anakohoa. Tukaenda kliniki moja (jina naliacha), akapimwa makohozi. TB.

Chumba cha TB mgonjwa aliingia peke yake. Sisi wake wa wagonjwa tulingoja kwenye benchi. Mlango ukifunguliwa niliona daktari, kijana, aliitwa Daktari Kimani, na nesi wake Sista Nduku. Wote wamefunga maski mpaka chini ya macho. Siku hizo hatukuwa tumezoea, tulijua maski ni za watu wa kupasua.

Barasa akatoka na kadi. Vidonge, na tena sindano kila siku kwa miezi miwili.

Sasa hapo ndipo nilianza kuchanganyikiwa.

Siku hiyo hiyo alianza dawa Musyoka, mchongaji vinyago wa pale Tena. Ugonjwa ule ule. Yeye alipewa vidonge tu! Akamcheka mume wangu pale nje: "Barasa, kwani yako ni TB ya wanaume?"

Barasa akacheka naye. Mimi sikucheka.

"Daktari amesema nini?"

"Amesema ni sawa."

"Amekuuliza nini?"

"Mambo ya kawaida."

Basi. Ukimuuliza zaidi anawasha redio.

(Hiyo redio nayo, majirani walikuwa wanagonga ukuta apunguze sauti. Mimi nilidhani ni mapenzi ya mpira.)

Tukaendelea na sindano. Siku ya tisa akaamka akaanza kuyumba. Akagonga bega kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akasema masikio yanalia filimbi, hayanyamazi.

Tulipofika kliniki sikukaa kwenye benchi. Niliingia naye.

"Mama, toka, hapa si sokoni," Sista Nduku akaniambia.

"Sitoki. Kwa nini Musyoka hadungwi na huyu anadungwa?"

Daktari hakukasirika. Akachukua kadi akasoma. Akasema anayeugua TB mara ya pili huongezewa sindano. Na mzee alipoulizwa kama amewahi kutibiwa TB, alisema ndiyo.

Nikamwambia hiyo si kweli.

Daktari akamgeukia, maski usoni. "Mzee, umewahi kutibiwa TB?"

"Ndiyo," Barasa akasema. Bila kusita.

Wakuu! Miaka yote hiyo ya ndoa! Alitibiwa wapi? Na nani alimuuguza, kabla yangu kulikuwa na mwingine? Kichwa changu kilienda mbali sana kwa dakika moja.

"Ilikuwa lini, mzee?"

"Ndiyo."

Daktari akaniangalia kwa huruma. Akaniuliza polepole kama mzee huwa anapotea njia, kama husahau majina ya watoto. Nikaelewa anachofikiria. Anafikiria akili ya Barasa imekwisha, na nikaona mkono wake umeshika kalamu.

Nikasimama mbele ya mume wangu. "We Baba Nafula! Uliugua TB lini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Mimi? Sijawahi. Nani amekudanganya?"

Kwa daktari anasema ndiyo, kwa mke anasema hapana. Hata mimi sikujua nimwamini yupi, Barasa wa kwanza au wa pili.

Aibu ikanishika. Mnajua sisi wamama, ukishikwa na aibu unavuta leso unafunika mdomo. Nikafunika, nikasema kwa uchungu, "Kwa nini unaniaibisha mbele ya watu?"

Akajibu, "Ndiyo."

Sista Nduku ndiye aliona. Akasema, "Mama, rudia hayo maneno, lakini toa leso."

Nikatoa, nikarudia.

"Nimekuaibisha na nini tena?" Barasa akauliza.

Daktari akasimama. Akasema twende nje, nyuma, mahali wanaanika mashuka. Akamweka Barasa upande mmoja, yeye akaenda hatua nyingi, upepo ukimpiga mgongoni. Ndipo akashusha maski. Tukaona uso wake mara ya kwanza. Alikuwa na pengo.

"Mzee, umewahi kutibiwa TB?"

"La. Hii ni ya kwanza, na naomba iwe ya mwisho."

Akaulizwa maswali yote upya. Yote alijibu sawasawa, mpaka siku ambayo kikohozi kilianza. Mimi hata nilikuwa nimeisahau.

Daktari akakata ile sindano kwenye kadi, mistari miwili. Akatuambia ina tabia ya kuharibu masikio, na mzee huyu masikio yake ni kidogo yamebaki. Akaomba msamaha. Daktari, kumwomba msamaha fundi wa mabati! Sikuwa nimewahi kuona.

Tukiwa njiani nilisimama mbele yake nikamuuliza kwa nini alikuwa anasema ndiyo.

Akasema kule kiwandani kelele ilikuwa nyingi, kila mtu alitazama mdomo wa mwenzake. "Si ndiyo kusikia huko?" Hakujua kuwa kusikia kwa masikio kulikuwa kumemtoka. Na msimamizi akisema kitu hujakipata, unajibu ndiyo, kisha unaangalia wenzako wanafanya nini, unafanya hivyo hivyo.

Lakini kwa daktari uko peke yako. Utamwangalia nani?

Vidonge alimaliza, TB ikapona. Filimbi ilipungua, ila sikio la kulia halikurudi vile lilikuwa.

Funzo langu: ukimpeleka mzee hospitali, ingia naye. Na nyinyi madaktari mlioko humu, mzee akikubali kila kitu, msiandike bado. Muulizeni swali ambalo haliwezi kujibiwa na ndiyo.

Mpaka hapo nimeelewa. Kuna kimoja sijaelewa mpaka leo.

Miaka mingi nilikuwa naongea na Barasa nikiwa nimempa mgongo, napika, naosha vyombo. Yeye yuko kwenye kiti, anajibu. Kuna asubuhi moja nilikaza roho nikamuuliza, bila kugeuka, kama alinioa kwa kunipenda au ni wazazi walimsukuma. Akasema, "Ndiyo." Nilicheka peke yangu, nikaona ni utani wake. Nikabeba hiyo ndiyo kama zawadi.

Baada ya kliniki tuliishi tena miaka mingi kabla hajafariki. Ningeweza kugeuka, nikamwangalia usoni, nikamuuliza mara ya pili.

Sikuuliza. Niliogopa.

Nyinyi mngeuliza? Niambieni tu, nitasoma yote.